Maumivu Sugu ya Mgongo: Kuyaelewa na Kuurudisha Mgongo Kazini, Hatua kwa Hatua

Mama mmoja mkulima wa mpunga kutoka bonde la Kilombero, Tanzania, aliingia chumba chetu cha mazoezi akiwa ameikumbatia bahasha ya picha kama mtu aliyeshika hati ya kiwanja. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Alisema akikaa, kuinuka ni shughuli. Mgongo ulikuwa unamuuma mwaka wa 3. Alikwishafunga mkanda, akachomwa sindano, akanunua dawa za kuongeza ute, na miezi 4 alilala sakafuni kwa sababu jirani alimwambia godoro ndilo linalommaliza. Swali lake lilikuwa moja: "Mwanangu, ni kweli pingili zimesagika, sitashika jembe tena?"

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na swali hilo nimeulizwa na wagonjwa wengi: mama lishe, madereva wa bodaboda, mafundi cherehani, makarani, walimu. Ninachotaka ukishike tangu mwanzo ni hiki: mgongo unaouma kwa muda mrefu, mara nyingi sana, bado ni mgongo mzima wenye nguvu, na unarudi kazini kwa kuzoeshwa kidogo kidogo. Huko kuzoesha kuna utaratibu wake, nao ndio nitakaoueleza.

Maumivu ya mgongo yakipita wiki 12 tunayaita sugu. Hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa mgongo wa chini, na kwamba hakuna tatizo lingine linalowafanya watu wengi zaidi duniani washindwe shughuli zao. Desemba 2023 shirika hilo lilitoa kwa mara ya kwanza mwongozo wa kutibu maumivu haya katika vituo vya ngazi ya chini, na mengi nitakayoyasema hapa yanakwenda nao.

Hatua ya 1: Ondoa kwanza yale ya hatari

Kati ya watu 10 wanaoumwa mgongo, karibu 9 hawana ugonjwa mahususi wa kuunyooshea kidole. Mfupa haujavunjika, uvimbe hakuna, maambukizi hakuna. Lakini huyo wa 10 ndiye tunayemtafuta kwanza, na hapa nakuomba usiruke mstari.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukipata ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, yaani pale panapogusa tandiko la baiskeli. Nenda pia mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila wewe kujua, haja kubwa ikishindwa kuzuilika, au miguu ikianza kuishiwa nguvu. Huenda mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo imebanwa, na ikiwa ndivyo, mgonjwa anahitaji upasuaji wa haraka. Usingoje Jumatatu. Usiende kukandwa kwanza.

Kuna mengine hayahitaji mbio za usiku, lakini hayasubiri mwezi. Huku kwetu la kwanza ni kifua kikuu cha mifupa. Watu wengi hawajui kwamba TB huweza kukaa kwenye pingili, na mgonjwa huenda asikohoe hata mara moja. Maumivu huongezeka wiki hadi wiki, hayatulii hata ukilala, jioni kuna homa, usiku jasho linalowesha shuka, nguo zinaanza kupwaya, na ukichelewa kibyongo huchomoza katikati ya mgongo. Dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya umma, na ugonjwa ukiwahiwa unapona. Nimewahi kumpokea kijana aliyekandwa miezi 5 kwa mafuta ya moto huku TB inakula pingili zake. Nilipoigusa ile nundu nilisikitika sana, kwa sababu dalili zote alikuwa nazo tangu mwezi wa 2.

Kama unafuga au unakunywa maziwa yasiyochemshwa, na mgongo unakuja pamoja na homa za kwenda na kurudi na viungo kuuma, mwambie daktari akupime brusela. Mtu aliyewahi kuwa na saratani, au mzee wa kiume mwenye maumivu mapya ya mgongo yanayomwamsha usiku pamoja na shida ya mkojo, apimwe mapema, tezi dume ikiwamo. Aliyeanguka kutoka kwenye mti au pikipiki, mama mtu mzima aliyekoma hedhi, au mtu aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, akipata maumivu makali ya ghafla apigwe picha, maana mfupa unaweza kuwa umepasuka.

Na vijana nao wana lao. Kama una chini ya miaka 45, asubuhi mgongo unakakamaa zaidi ya nusu saa, unazinduka usiku wa manane kwa maumivu, na ajabu yake unapata nafuu ukitembea kuliko ukipumzika, omba uchunguzi wa baridi yabisi ya uti wa mgongo. Ina dawa zake, na hiyo haimalizwi na mazoezi peke yake.

Neno moja kuhusu figo, maana karibu kila anayeumwa kiuno huambiwa "hizo ni figo." Maumivu ya figo mara nyingi hukaa pembeni, chini ya mbavu, hayabadiliki sana ukiinama au ukijigeuza, na huja na homa, kichefuchefu, au mkojo wenye damu au unaochoma. Kama maumivu yako yanabadilika kila unapobadili mkao, huenda ni mgongo wenyewe. Kipimo cha mkojo si ghali. Kapime utulize moyo, kisha tuendelee.

Hatua ya 2: Elewa kinachouma

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea, na 5 za chini ndizo za kiuno, ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani kijimto kinachozitenganisha, imeshikamana nazo kwa nyuzi imara, na juu yake kuna kano na misuli minene. Diski haichomoki kama sabuni kwenye mkono wenye maji. Pingili haziachani ukapewa kazi ya kuzirudisha. Anayekuambia ameziona kwa vidole zimepishana anakutisha bure, hata kama nia yake ni njema.

Sasa mbona panauma miaka? Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mfumo wa maumivu nao uko hivyo. Mwanzoni huenda kweli ulikaza msuli au diski ilivimba. Jeraha la namna hiyo hupona ndani ya wiki au miezi michache. Lakini mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo vimekwisha kujifunza woga. Vinapiga kelele mapema mno: unainama kuokota kijiko, navyo vinaona nyoka. Maumivu ni ya kweli kabisa, hujayatunga. Ila yamekuwa kipimo kibaya cha uharibifu. Kuuma sana si lazima kuwe kuumia sana.

Kuna mambo yanayoongeza hiyo kelele. Usingizi mbovu. Madeni. Msiba ambao hukuulilia vizuri. Ugomvi wa nyumbani. Kukaa ndani wiki nzima bila kuonana na watu. Na maneno. Neno "kusagika" limewalaza watu kitandani kuliko mizigo. Mtu akishaamini mgongo wake ni kikombe chenye ufa, hukaza misuli kila hatua, na misuli iliyokazwa mchana kutwa jioni huuma yenyewe.

Na huo ute? Diski hupungua maji kadiri tunavyozeeka, kwa kila mwanadamu, wanaoumwa na wasioumwa. Sijui dawa yoyote ya kunywa inayokwenda kuyajaza maji hayo. Fedha ya dawa hizo ingenunua viatu vizuri vya kutembelea.

Hatua ya 3: Soma picha yako kwa akili

Mwaka 2015 watafiti walikusanya majibu ya vipimo vya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Diski zilizotokeza nje zilionekana kwa asilimia 30 ya wale wa miaka 20, na hao wote walikuwa wanacheza, wanafanya kazi, wanalala usingizi. Mabadiliko hayo mimi huyaita mvi za mgongo. Mvi haziumi.

Kwa hiyo kama hatua ya 1 haikukugusa, huna haraka ya kupigwa picha wala kuuza mbuzi ili ukafanye MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Picha inafaa pale daktari anapotafuta kitu fulani, au maumivu yanaposhuka mguuni mpaka chini ya goti na mguu unapoteza nguvu, au matibabu yamefanyika ipasavyo na nafuu haionekani. Ukiwa nayo tayari, mwambie daktari au fiziotherapia wako akueleze lipi ni la umri na lipi lina uzito. Hata diski iliyotokeza na kugusa neva, yaani mshipa wa fahamu, mara nyingi hunywea yenyewe kwa miezi.

Hatua ya 4: Pima ulipo, kwa daftari

Hapa ndipo kazi inapoanza, na ndipo wengi wanapokosea. Mwenye mgongo sugu ana tabia moja: siku nzuri anafua nguo za nyumba nzima, anapalilia, anakwenda sokoni, halafu siku 3 zinazofuata yuko kitandani. Baada ya miezi 6 ya hivyo, siku nzuri zimekuwa chache na uwezo umeshuka. Tunataka kukata mzunguko huo.

Chukua daftari la shule la kurasa 40. Chagua jambo moja unalolihitaji, na kwa wengi naanza na kutembea. Tembea mpaka maumivu yaanze kupanda waziwazi, angalia saa, andika. Fanya hivyo siku 3. Yule mama wa Kilombero alikuwa anatoka mlangoni kwake kuelekea kisimani. Siku ya kwanza aliweza dakika 9, ya pili 13, ya tatu 8. Jumla 30, wastani 10. Nikamwambia tuchukue sehemu 8 kati ya 10: aanze na dakika 8.

Alinicheka. "Dakika 8? Si nitafika kwenye mwembe tu?" Ndiyo, kwenye mwembe tu. Lakini kila siku. Siku mgongo umetulia, dakika 8. Siku umechachamaa, dakika 8. Saa ndiyo inayosema basi, si maumivu. Kila baada ya siku 3 aliongeza dakika 1. Wiki ya 8 ilipokwisha alikuwa anatembea dakika 26 bila kusimama, na alikuwa ameupita mwembe, kisima, na nyumba ya dada yake.

Andika kila jioni mambo matatu: ulichofanya, kiwango cha maumivu kutoka 0 hadi 10, na usiku ulivyolala. Usiandike zaidi ya hapo. Daftari refu huachwa wiki ya 2.

Kama unadhani kutembea ni jambo dogo mno kuitwa tiba, sikia hili. Nchini Australia watu 701 waliokuwa wametoka kupona mgongo waligawanywa: kundi moja likaelekezwa na fiziotherapia kuongeza mwendo kidogo kidogo mpaka dakika 30, mara 5 kwa wiki, jingine likaachwa liendelee na maisha. Matokeo yalitolewa mwaka 2024. Kundi la kwanza lilikaa siku 208 hivi kabla maumivu hayajarudi, la pili siku 112.

Hatua ya 5: Mazoezi 5 ya mkekani

Tandika mkeka au khanga mbili juu ya zulia. Fanya mara moja kwa siku, wakati wowote mwili umepata moto kidogo. Kanuni ya maumivu ni hii: yakipanda mpaka 4 au 5 kati ya 10 wakati wa zoezi, ni sawa, mradi asubuhi ya pili yamerudi yalikokuwa. Yasiporudi, punguza idadi kwa nusu, usiache zoezi.

La kwanza, lala chali, magoti yameinuka, nyayo chini. Angusha magoti yote mawili kulia polepole, kisha kushoto, kama mlango unaopeperushwa na upepo mdogo. Mara 10 kila upande. Hili ni la kuuambia mgongo kwamba kugeuka hakuui.

La pili, piga magoti na viganja chini, kama mtoto anayetambaa. Vuta pumzi huku tumbo likishuka kuelekea mkeka. Toa pumzi huku ukiupandisha mgongo juu kama paka aliyemwona mbwa. Mara 10, bila kukazana.

La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote. Rudi chali, magoti juu. Bana makalio, inua kiuno mpaka mapaja na kifua viwe mstari mmoja, hesabu hadi 5 huku unapumua, shuka. Anza na mara 6, ongeza taratibu mpaka 15. Wengi hubana pumzi hapa. Ukiona huwezi kuhesabu kwa sauti, umeinua mno. Mama yule alikuwa anahesabu kwa majina ya wajukuu wake, na alipofika mjukuu wa 7 bila kutetemeka alijua amepiga hatua.

La nne, rudi kwenye magoti na viganja. Nyoosha mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele, shikilia hesabu 5, badilisha. Mara 6 kila upande. Likikushinda, anza na mguu peke yake.

La mwisho halihitaji mkeka. Kaa kwenye kiti kisichoyumba, vuta nyayo nyuma kidogo, inama mbele kama unayetaka kunong'ona na mtu, simama bila kujisukuma kwa mikono. Mara 8. Baada ya wiki chache shika chupa ya maji ya lita 1 kifuani, kisha ya lita 5. Usilidharau zoezi hili. Kila uinukapo kwenye kigoda, daladala au choo, ndilo unalofanya.

Wajawazito wasilale chali muda mrefu baada ya mwezi wa 4, wafanye la pili, la nne na la tano. Wenye matatizo ya moyo au presha isiyotulia waulize kwanza.

Hatua ya 6: Kazi za mikono

Watu hunitaka niwape mkao mmoja sahihi wa kukaa. Haupo. Mgongo unachoshwa na mkao wowote ukiushikilia saa 3. Karani anayekaa wima kama askari huumwa sawa na aliyejikunja. Badilisha kila baada ya nusu saa: simama upokee simu, nenda dirishani, rudi.

Maji. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 na zaidi, na kuibeba kwa mkono mmoja kunakupinda upande. Gawanya: madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono. Ukiokota mzigo, usogelee mpaka uguse magoti yako, kunja magoti na nyonga pamoja, uinue ukiwa karibu na tumbo, kisha geuka kwa miguu. Si kwamba kuinama kwa mgongo ni dhambi, mwanadamu ameumbwa kuinama. Ila katika miezi hii ya kuurudisha mgongo, mzigo ukiwa karibu unakuwa mwepesi zaidi.

Kufagia na kufua. Fagio la chelewa linamkunja mama mara mbili kwa nusu saa kila asubuhi. Funga mpini. Kipande cha mti kilichonyooka na mpira wa baiskeli vinatosha. Beseni la kufulia lipandishe juu ya meza, jiwe au ngazi, usifulie sakafuni. Na usingoje nguo za wiki nzima, fua za siku 3.

Shambani ndiko kwenyewe. Kupandikiza mpunga ni kuinama kwa saa nyingi miguu ikiwa matopeni, na palizi ya jembe la mkono haina tofauti kubwa. Jembe lenye mpini mfupi badilisha, mpini ufike angalau usawa wa kitovu. Halafu tumia saa ileile ya kutembelea. Kama mgongo unaanza kulalamika dakika ya 20, lima 15, simama, weka viganja kiunoni, jinyooshe nyuma taratibu mara 5, fanya kazi ya kusimama kama kukusanya majani, kisha rudi. Waambie wenzako mnaolima pamoja mapema kwamba utakwenda kwa zamu. Aibu ya kupumzika dakika 5 imewarudisha wengi nyumbani mwezi mzima.

Dereva wa bodaboda, shuka kwenye pikipiki kati ya abiria na abiria, usilale juu yake. Barabara ya mashimo ukiweza inua makalio kidogo, magoti yapokee. Mama mwenye mtoto, kumbeba mgongoni kwa khanga iliyokazwa karibu na mwili kuna nafuu kuliko kumning'iniza nyonga moja kutwa.

Hatua ya 7: Usingizi na moyo

Rudi kitandani, achana na sakafu. Mwaka 2003 watafiti wa Hispania waliwalaza watu 313 wenye maumivu sugu, wengine kwenye magodoro magumu, wengine yenye ugumu wa wastani, na baada ya siku 90 wa ugumu wa wastani walikuwa na nafuu zaidi. Kama godoro lako limebonyea kama chungu, ligeuze, au weka mbao chini yake. Ukilala ubavu, weka mto kati ya magoti. Ukilala chali, chini ya magoti. Kuamka: jigeuze ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa mkono.

Kuhusu moyo nataka niseme taratibu. Nikimuuliza mgonjwa kama ana mawazo, wengi husikia kwamba namwambia anajifanya. Sivyo. Mtu aliyeumwa miaka 3, ambaye mumewe amechoka kusikia, ambaye mavuno yamepungua, ana haki ya kuwa na huzuni, na huzuni hiyo inarudi kuukaza mgongo. Mtafute mtu wa kusema naye: mshauri nasaha hospitalini, kiongozi wako wa dini, dada mkubwa. Shirika la Afya Duniani linaihesabu tiba ya kisaikolojia kuwa sehemu ya matibabu ya mgongo. Na nenda kwenye shughuli. Harusi, msiba, vikoba, ibada. Kaa dakika 40 badala ya kutwa, lakini nenda.

Ninyi mnaoishi na mgonjwa, msimfanyie kila kitu, wala msimwite mvivu. Muulizeni leo ni dakika ngapi, mkatembee naye.

Hatua ya 8: Dawa, mkanda, kukandwa, kisu

Dawa za kundi la diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kusaidia kwa siku chache maumivu yanapopanda. Kuzimeza kila siku kwa miezi huleta vidonda vya tumbo, hupandisha presha na huharibu figo. Mwenye vidonda, presha, ugonjwa wa figo au mimba asizinunue bila kuuliza. Usichanganye mbili za kundi moja ukidhani unaongeza nguvu. Tramadoli na dawa za jamii yake, Shirika la Afya Duniani halizishauri kwa mgongo sugu: huleta mazoea, na faida haionekani. Dawa ya unga isiyo na jina inayoondoa maumivu usiku mmoja iogope zaidi ya zote, maana hujui ndani mna nini.

Mkanda wa mgongo haupendekezwi kwa kuvaa kila siku. Wala kuvutwa kwa mashine. Kukandwa na maji ya moto hutuliza, fanya ukipenda, mradi anayekukanda hakukanyagi mgongoni na ukitoka hapo unakwenda kutembea. Upasuaji una watu wake: neva iliyobanwa inayoleta udhaifu wa mguu, uti kuhama vibaya, uvimbe. Kwa maumivu ya mgongo peke yake bila hayo, mara chache sana kisu ndicho jibu. Ukishauriwa kupasuliwa, uliza wanakwenda kuondoa nini hasa, na kama kusubiri miezi 3 kuna hatari gani. Daktari mzuri hatachukia maswali hayo.

Hatua ya 9: Siku mgongo ukikamata

Utakamata. Usidhani umerudi mwanzo. Andika mpango huu leo, kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, ungali mzima. Siku ya kwanza: soma tena dalili za hatua ya 1. Kama hazipo, lala nusu saa huku miguu iko juu ya kiti, halafu inuka utembee ndani ya nyumba dakika 3 hadi 5, rudia kila saa. Weka kitambaa cha moto dakika 15. Zoezi la kwanza na la pili tu. Siku ya pili, rudi nusu ya dakika zako za kawaida za kutembea. Ndani ya siku 3 mpaka 7 panda tena taratibu. Kukaa kitandani kupita siku 2 huchelewesha nafuu.

Wiki ya 12 fungua daftari, linganisha ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Angalia kwanza dakika na kazi, maumivu yafuate, kwa sababu uwezo hupanda kabla maumivu hayajashuka. Kama dakika hazijasogea kabisa, au usiku umezidi kuwa mbaya, rudi kwa daktari na daftari mkononi. Litamwambia mengi kuliko picha.

Yule mama alirudi wiki ya 13 akiwa amevaa kandambili zenye matope yaliyokauka. Alikaa kwenye kiti kabla sijamkaribisha. Maumivu yake yalikuwa yameshuka kutoka 7 hadi 4, na daftari lilikuwa limejaa mpaka kwenye jalada. Msimu wa kupandikiza ulikuwa umefika, akataka kujua aanze na dakika ngapi. Tulipiga hesabu pamoja: 10 za kuinama, 5 za kusimama, mara 4 asubuhi, kisha arudi nyumbani hata kama anajisikia vizuri. Bahasha ya picha aliisahau mezani kwangu, na mpaka leo hajaifuata.